Risiti ya sheli ni ushahidi mbele ya Mwenyezi Mungu

 

Ndugu zetu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo haitajwi sana katika khutba zetu, nayo ni kazi ya keshia wa kituo cha mafuta, au sheli kama tulivyozoea kukiita. Tumeichagua kwa sababu imekuwa ajira ya vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Tena ndani yake umeingia mtihani wa imani ambao wazazi wengi hawaujui, na baadhi ya vijana wenyewe hawauhesabu kuwa ni mtihani.

Anayeijua njia kuu itokayo Dar es Salaam anaelewa kwa nini sheli zimekuwa nyingi upande huu wa Kagera. Lori lililopakia bandarini huwa limeshatembea zaidi ya kilomita 1,000 linapofika Nyakanazi, pale njia ya Kibondo na Kigoma inapochepuka. Mbele yake ni Lusahunga, njia panda ya kwenda Biharamulo mjini na Bukoba. Kisha Nyakahura, na baada ya hapo wilaya ya Ngara hadi Benaco, ambako njia moja huelekea Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, na nyingine huelekea Ngara mjini na Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilizinduliwa rasmi mwaka 2016, na malori yamekuwa yakipita hapo usiku na mchana. Kila lori linahitaji mafuta, na kila tenki linalojazwa huacha nyuma yake karatasi moja ndogo, yaani risiti.

Zamani tajiri wa lori alikuwa akimkabidhi dereva bunda la noti za safari nzima. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, Watanzania tumezoea kulipa kwa simu. Mabenki nayo yamesambaza kadi, na kampuni za mafuta zina kadi zao maalumu kwa wenye magari mengi. Basi tajiri aliyeko Dar es Salaam, Kigali au Bujumbura humpa dereva wake kadi, au humwambia amtumie Lipa Namba ya sheli naye alipe akiwa kwake. Yeye haioni pampu wala hausikii mlio wake. Anachokiona ni ujumbe katika simu, na baadaye risiti atakayoletewa. Amemwamini dereva, na pasipo kumjua kwa sura wala jina, amemwamini pia keshia.

Hapo ndipo mtihani unapoanzia.

Jinsi jambo lenyewe linavyofanyika

Tuseme wazi, kwa sababu jambo likizungumzwa kwa mafumbo wahusika hujifanya hawakusikia. Dereva anafika sheli na kadi ya tajiri wake. Anamwomba keshia: "Katika tenki weka lita 340, lakini kwenye kadi kata lita 400." Keshia anapitisha malipo ya lita 400, kisha anachukua fedha taslimu katika droo, zile zilizolipwa na wateja wa bodaboda na magari madogo, na kumpa dereva thamani ya lita 60 zilizobaki. Tukichukulia kwa mfano kuwa lita moja ni shilingi 3,000, hizo ni shilingi 180,000. Dereva anaondoka na sehemu yake, na keshia anabaki na yake, ambayo wenyewe huiita "ya soda" au "ya vocha".

Ajabu ya jambo hili ni kuwa jioni hesabu za sheli zinafunga. Fedha taslimu zimepungua, lakini malipo ya kadi yamezidi kwa kiasi kilekile. Mwenye sheli haoni shoti. Mita ya pampu inakubaliana na jumla ya mauzo. Kijana analala usingizi mzuri akijiambia kuwa hakumwibia mtu, kwani droo yake haikupungukiwa hata shilingi mia.

Hata pale ambapo mashine ya risiti imeunganishwa na pampu, na haiwezi kutoa ila kile kilichomiminwa, njia nyingine hutafutwa. Hukusanywa risiti za wateja walioondoka bila kuzichukua, kisha dereva huuziwa risiti ya mafuta yaliyoingia katika gari la mtu mwingine, naye akaipeleke kwa tajiri wake kama hesabu ya safari. Ndiyo maana mteja asiyechukua risiti yake asidhani kuwa anamsamehe keshia usumbufu. Huenda anamwachia silaha ya kumdhulumu mtu wa tatu.

Swali letu leo ni moja: ikiwa hesabu ya sheli imefunga, na dereva ameridhika, na keshia ameridhika, dhambi iko wapi?

Keshia ni mwandishi na shahidi

Jawabu tunalipata katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Mwenyezi Mungu (SW) hakuiweka aya hiyo katika habari za Pepo na Moto, bali ameiweka katika habari za kuandikiana madeni na biashara. Ndani yake anaamrisha awepo mwandishi, na mwandishi huyo aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika kama Mola wake alivyomfunza. Anamwamrisha mwenye kutamka deni asipunguze chochote katika haki. Na anakataza mwandishi na shahidi wasitiwe katika madhara.

Ndugu zetu, mwandishi aliyetajwa katika aya hiyo si lazima awe mzee mwenye kalamu ya mwanzi na kibweta cha wino. Yeyote ambaye watu hutegemea maandishi yake ili haki zao zijulikane, huyo anasimama mahali pa mwandishi. Keshia anapobonyeza tarakimu katika mashine ya kadi, anaandika. Anapotoa risiti, anashuhudia. Risiti ile inasema: mimi niliyekuwepo ninamthibitishia wewe usiyekuwepo kuwa lita kadhaa zimeingia katika gari lako, kwa bei kadhaa, siku kadhaa. Huo ni ushahidi kamili. Na ukiwa wa uongo, basi ni ushahidi wa uongo.

Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Bakra (RA), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, Mtume (SAW) aliwatajia Masahaba madhambi makubwa kuliko yote. Alitaja kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kuwaasi wazazi wawili. Alikuwa ameegemea, kisha akakaa sawasawa, akataja kauli ya uongo na ushahidi wa uongo, akawa anaikariri mpaka Masahaba wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Tuzingatie jambo hili. Ushirikina ulitajwa naye ameegemea, lakini ulipofika ushahidi wa uongo aliinuka. Wanazuoni wanasema si kwa sababu dhambi hii ni kubwa kuliko ushirikina, bali kwa sababu watu huipuuza na kuiingia kwa wepesi. Na wepesi gani unaozidi ule wa kubonyeza 400 badala ya 340?

Kwa hiyo keshia wa namna hiyo amebeba mizigo miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni kula mali ya mtu kwa batili, jambo lililokatazwa katika aya ya 188 ya sura hiyohiyo ya Al-Baqara na aya ya 29 ya Suratun Nisaa. Wa pili ni kutoa ushahidi wa uongo ili kuuficha ule wa kwanza.

Visingizio vinavyosikika

Kisingizio cha kwanza ni kuwa dereva mwenyewe ndiye aliyeomba. Katika fiqhi dereva ni wakili wa tajiri wake, na wakili hana mamlaka ya kuitoa zawadi mali ya aliyemwakilisha, wala kujigawia. Idhini yake katika jambo asilolimiliki haihalalishi kitu. Anayemsaidia ameangukia katika katazo la aya ya pili ya Suratul Maida, ya kusaidiana katika dhambi na uadui.

Kisingizio cha pili ni kuwa tajiri wa malori ana fedha nyingi na lita 60 hazitamuumiza. Uislamu haukuipima haramu kwa utajiri wa aliyedhulumiwa. Imepokelewa na Muslim kutoka kwa Adiyy bin Amira (RA) kuwa Mtume (SAW) alionya kwamba mtu aliyepewa kazi, kisha akaficha japo sindano au zaidi ya hapo, basi hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Ikiwa sindano inahesabiwa, lita 60 za dizeli zitaachwaje? Wala si kila mwenye lori ni milionea. Wapo walionunua lori moja chakavu kwa mkopo, na wapo warithi wa mayatima ambao lori la marehemu baba yao ndilo shamba lao.

Kisingizio cha tatu ni kuwa kile kidogo anachopewa keshia ni zawadi ya dereva kwa huduma nzuri. Hapa tunakumbuka kisa cha Ibn Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, ambaye Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (SAW) alipanda mimbari na kuhoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kila keshia ajiulize swali hilo moja: lau ningekuwa nimekaa nyumbani kwetu Rulenge au Nyakahura, huyu dereva angenipitia na kunipa shilingi elfu ishirini? Kama jibu ni hapana, basi si zawadi, bali ni bei ya kalamu yake.

Je, kupokea malipo ya kadi ni halali?

Wapo vijana wenye kuchelea dini yao wanaouliza kama inafaa kwa Mwislamu kufanya kazi ya kupokea malipo ya kadi, ilhali mabenki mengi huendesha riba. Swali hili ni jema, na linastahiki jibu lenye mizani.

Kadi inayokata fedha zilizomo katika akaunti ya mteja ni chombo cha kuhamisha mali yake mwenyewe, na hakuna riba katika kuitumia wala katika kuipokea. Ama kadi ya mkopo, ambayo benki hulipa kwanza kisha ikamdai mteja, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliijadili katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh, mwaka 2000. Baraza liliamua kuwa kadi hiyo haifai ikiwa ndani yake mna sharti la kulipa riba. Lakini liliruhusu benki kukata kamisheni kwa muuzaji, kwa sharti kuwa muuzaji auze kwa kadi kwa bei ileile anayouza kwa fedha taslimu.

Sharti hili lina uzito mkubwa katika sheli zetu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta, na kila wilaya ina kikomo chake kwa kuzingatia umbali wa kuyasafirisha. Mteja wa Ngara tayari anabeba gharama ya umbali huo. Anayemwongezea shilingi juu ya bei ya ubaoni kwa hoja kuwa "kadi ina makato", na bei hiyo ikavuka kikomo, amevunja sheria ya nchi, na wakati huohuo ameliacha sharti waliloliweka wanazuoni. Makato ya kadi ni gharama ya biashara kama zilivyo taa na mlinzi.

Amana ndogondogo zilizofichika

Mbali na dereva wa lori na tajiri wake, kuna wateja wetu wa kila siku. Mzee aliyetoka kijijini na pikipiki ya mwanawe anafika sheli, hajui kusoma vizuri maandishi ya simu, anampa keshia simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti ya juu. Mzee huyo ameweka mikononi mwa kijana huyo akiba yake yote ya kahawa. Adabu inayotakiwa ni keshia kumwelekeza abonyeze mwenyewe, au mtu wake wa karibu amsaidie, na yeye keshia ageuze uso wakati namba inapoingizwa. Akiwa ameisikia, aisahau. Na amshauri mzee wake kwa heshima aibadilishe.

Kuna pia suala la mtandao kusumbua. Mteja amelipa, ujumbe haujafika, foleni inarefuka, keshia anamwambia alipe tena. Baada ya nusu saa ujumbe wote wawili unaingia na mteja ameshafika Rusumo. Malipo ya pili si riziki iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni mali ya mtu anayejulikana, na namba yake imo katika muamala. Wajibu wa keshia ni kumjulisha msimamizi siku hiyohiyo, kuandika katika daftari saa, kiasi na namba ya muamala, na kuhakikisha fedha zinarejeshwa. Na lililo bora zaidi ni kuthibitisha kwanza hali ya muamala wa mwanzo kabla ya kumtaka mtu alipe mara ya pili.

Jambo jingine linahusu stara. Mteja anapolipa kwa simu, namba yake na mara nyingi jina lake hubaki kwa keshia. Baadhi ya vijana huzichukua namba za kina mama na mabinti na kuanza kuwatumia salamu za usiku. Hii ni khiyana hata kama hakuna senti iliyopotea. Namba ile ilitolewa kwa ajili ya mafuta tu, wala si kwa ajili ya mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka katika matumizi ya taarifa za watu, na dini yetu ilitangulia kwa karne nyingi kufundisha kuwa siri ya mtu ni amana.

Nabii Yusuf (AS) alipoomba kukabidhiwa hazina za nchi ya Misri, kama tunavyosoma katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, alijisifu kwa mambo mawili: kuwa ni mlinzi na kuwa ni mjuzi. Sifa zote mbili zinahitajika. Keshia mwaminifu asiyejua kusoma muamala atamdhulumu mtu bila kukusudia. Na keshia hodari wa mashine asiye na uaminifu atadhulumu kwa kukusudia, tena kwa ufundi.

Matajiri wa sheli nao wamwogope Mungu

Tungekuwa hatujafanya uadilifu kama tungemwekea kijana mzigo wote. Aya ileile ya 282 iliyomwamrisha mwandishi aandike kwa haki imekataza mwandishi huyo asidhuriwe. Yapo madhara ambayo makeshia wetu wanatendewa, na wenye sheli Waislamu ni wa kwanza kupaswa kuyaacha.

Kuna sheli ambako shoti yoyote, iwe ni ya mtandao, ya pampu au ya mtu mwingine wa zamu, hukatwa moja kwa moja katika mshahara wa keshia bila kumsikiliza. Makeshia wawili hutumia droo moja na namba moja ya kuingilia katika mashine, kisha pakitokea upungufu hukatwa wote wawili. Huku ni kumwadhibu mtu kwa kosa lisilothibitika kuwa ni lake, na Qur'an imekariri katika sura mbalimbali kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamtaka mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri amweleze kwa maandishi sababu na kiasi chake, na ampe nafasi ya kulipinga deni hilo. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Vijana wengi hawaijui haki hii. Tunawaomba maimamu wa Ngara, Biharamulo na kwingineko waisome na kuwafahamisha, kwani kumtetea mwenye kudhulumiwa ni ibada.

Mwenye sheli akumbuke pia Hadithi Qudsi iliyopokelewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (RA), kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kwake kazi kamili, kisha asimpe ujira wake. Anayemlipa keshia mshahara usiotosha chakula, halafu akamkata shoti isiyo yake, asishangae shetani akipata mlango. Dhulma ya tajiri haihalalishi wizi wa keshia, lakini tajiri ataulizwa kwa sehemu yake.

Wazazi waulize

Sasa tunawageukia wazazi. Binti au kijana anapoajiriwa sheli, nyumbani huwa ni furaha, na ni haki iwe furaha. Baada ya miezi michache anaanza kuleta mchele kwa gunia, anaezeka nyumba ya bibi, anamnunulia mdogo wake simu. Wazazi wanamwombea dua. Ni wangapi wanaouliza mshahara wake ni kiasi gani?

Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kisa cha baba yake, Abu Bakr Siddiq (RA). Alikuwa na mtumishi aliyekuwa akimletea sehemu ya pato lake. Siku moja alileta chakula, Abu Bakr akala. Kisha mtumishi akamweleza kuwa kilitokana na malipo ya uaguzi alioufanya zama za ujahiliya, na wala hakuwa akiujua uaguzi bali alimhadaa mtu. Abu Bakr aliingiza mkono mdomoni akatapika kila kilichokuwemo tumboni. Huyo ndiye mtu aliyebashiriwa Pepo, naye hakuridhika kukiacha tumboni mwake kitu ambacho alikila bila kujua. Nasi tunaojua, au tunaoshuku na kuchagua kutouliza, tutasema nini?

Kuuliza si kumtuhumu mtoto. Ni kumlinda. Kijana anayejua kuwa mama yake atauliza fedha imetoka wapi ana ngao ya pili baada ya taqwa. Na mama akimwambia, "Mwanangu, tuletee kilicho chako hata kama ni kilo mbili za unga," amemtua mzigo mzito. Wengi huingia katika haya kwa sababu ya matarajio ya ukoo, wala si kwa njaa yao wenyewe.

Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), alimtaja mtu aliye katika safari ndefu, nywele zimetimka, amejaa vumbi, anainua mikono mbinguni akimwomba Mola wake, ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na mavazi yake ni haramu. Akauliza vipi mtu huyo atajibiwa. Madereva wetu wako safarini wakati wote, na dua ya msafiri ni yenye kutarajiwa kujibiwa. Ni hasara iliyoje mtu kuifunga mwenyewe njia ya dua yake kwa lita 60.

Aliyekwisha kuingia atokeje?

Mlango wa toba uko wazi. Lakini wanazuoni wamekubaliana kuwa dhambi inayohusu haki ya mja haitoshi kwa kujuta, kuacha na kuazimia kutorudia tu, bali haki irejeshwe kwa mwenyewe. Anayemjua mwenye lori amrejeshee, hata kwa kupitia mtu mwingine bila kujitaja jina, maadamu fedha imemfikia. Aliyerejesha kidogokidogo kwa kadiri ya uwezo wake, akiwa na nia ya kumaliza, yuko katika njia ya kheri. Na asiyemjua kabisa mwenye haki baada ya kumtafuta, wanazuoni wengi wameelekeza aitoe sadaka kwa niaba ya mwenye mali.

Atakayeogopa kufukuzwa kazi kwa kukataa matakwa ya madereva, tunamkumbusha kuwa riziki iko kwa Mwenye kuruzuku. Wapo madereva wengi waaminifu ambao hutafuta sheli isiyo na ujanja, na wapo matajiri wanaowaelekeza madereva wao wajaze mafuta mahali walipopaamini tu. Sifa ya uaminifu huenea njiani kama inavyoenea ile ya wizi.

Na lipo jambo kubwa zaidi ya ajira. Sisi Waislamu wa Ngara na Biharamulo ni wachache miongoni mwa majirani zetu. Uislamu katika pembe hii ya nchi haukuletwa na majeshi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi jirani ya Karagwe, na watu wa bara waliijua dini kwanza kwa kuwatazama wafanyabiashara. Leo dereva Mnyarwanda, Mrundi au Msukuma asiyewahi kuingia msikitini anaweza kuusoma Uislamu wetu katika dirisha la keshia mwenye kanzu au hijabu. Atasoma nini hapo?

Kwa keshia atakayeshika uadilifu ipo bishara ambayo watu wa kazi nyingine wanaweza kumwonea wivu mwema. Katika hadithi ya Abu Musa Al-Ash'ari (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amefundisha kuwa mtunza hazina Mwislamu mwaminifu, anayetoa kama alivyoamrishwa, kwa ukamilifu na kwa moyo mkunjufu, anahesabiwa kuwa mmoja wa watoa sadaka wawili, pamoja na mwenye mali. Mali si yake, lakini thawabu anashirikishwa. Basi ni biashara gani iliyo bora kuliko hiyo, ya mtu kuandikiwa sadaka kutokana na hazina ya mwingine kwa sababu tu mkono wake haukuichezea?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awalinde vijana wetu walioko kwenye pampu na madirisha ya malipo usiku huu, awafungulie milango ya halali, awape matajiri wao huruma na uadilifu, na azijaalie nyumba zetu zisile ila kilicho safi. Amin.

Wabillahi tawfiq.